Wimbi la Kipchoge na Rekodi Nyingine za Dunia Ndogo

Tarehe 12 Oktoba 2019, kwenye bustani ya Prater jijini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilometa 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Shirikisho la riadha la dunia halikuziandika mbio hizo kwenye daftari la rekodi, kwa sababu hazikuwa za wazi na wakimbiaji wa kumwekea kasi waliingia na kutoka kwa zamu. Wiki chache kabla yake, mwezi Septemba, kundi la wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Vienna lilikuwa limechapisha rekodi yake, nayo haikupigiwa vigelegele na mtu yeyote. Walikuwa wamerusha molekuli kubwa, zenye hadi atomu 2,000 kila moja, ndani ya chombo chenye urefu wa meta 2, na zikatua kwa mpangilio unaoachwa na mawimbi peke yake.

Rekodi hizi mbili zinahusiana kwa jambo zaidi ya kuwekwa katika mji mmoja. Kwa mujibu wa fizikia ya kwanta, kila kinachosogea kina urefu wa wimbi, na urefu huo hupatikana kwa hesabu ya mstari mmoja: chukua namba thabiti ya Planck, igawanye kwa momenta. Momenta ni tungamo la kitu mara kasi yake. Tumkadirie Kipchoge kilo 52. Wastani wa kasi yake siku ile ulikuwa meta 5.88 kwa sekunde, kwa hiyo momenta yake, kwa vipimo vya kilo na meta kwa sekunde, inakaribia 306. Namba ya Planck nayo ni ndogo ajabu: sifuri nukta, kisha sifuri 33, ndipo inakuja 6626. Gawanya. Wimbi la Kipchoge lina urefu wa meta sifuri nukta, kisha sifuri 35, halafu 22.

Hapo ndipo penye utamu wa somo hili, na ndipo penye mtego. Tukifuata karatasi tu, bingwa wa wimbi fupi kuliko yote angekuwa treni ya mizigo, au mlima wa barafu unaoelea baharini. Hesabu humgawia kila mtu wimbi lake bila kumwuliza. Kwa hiyo nimejiwekea sharti kama lile la riadha: wimbi lililopatikana kwa kalamu tu haliingii kwenye orodha. Linaingia lile lililoonyesha kazi yake mbele ya mashahidi.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea. Katika ule mgawanyo, momenta imekaa chini ya mstari, kwenye asili ya sehemu. Ikikua, wimbi linafupika. Ikipungua, wimbi linarefuka. Karibu kila rekodi iliyomo humu ni ya mtu aliyeivuta momenta kwa nguvu upande mmoja au mwingine.

Tasnifu iliyolipa mapema, tanbihi iliyochelewa

Louis de Broglie alizaliwa mwaka 1892 huko Dieppe, Ufaransa, katika ukoo wa makabaila. Alianza kwa kusoma historia. Vita vya Kwanza vya Dunia alivimaliza kwenye kituo cha redio cha jeshi katika Mnara wa Eiffel, na mimi siamini kwamba ni bahati tu kuwa mtu aliyeshinda miaka na mawimbi ya redio ndiye aliyekuja kuuliza swali lenyewe. Mwaka 1923 Arthur Compton, akifanya kazi St. Louis, Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba miale ya eksirei hugonga elektroni na kuzipa momenta, kama vile chembe hugongana na chembe. De Broglie aligeuza upande wa pili: ikiwa wimbi linaweza kuwa na momenta, basi chenye momenta kwa nini kisiwe na wimbi?

Alitetea tasnifu yake Paris tarehe 25 Novemba 1924. Paul Langevin alikuwa amempelekea Einstein nakala, na Einstein akaisifu. Jean Perrin, mmoja wa watahini, alitaka kujua mawimbi hayo yangeonekana vipi. Mtahiniwa akajibu kwamba wajaribu kupitisha elektroni kwenye fuwele. Miaka 5 baadaye, mwaka 1929, alikuwa na Nobeli mkononi. Aliishi hadi 1987, akiwa na miaka 94, akayaona mawimbi yake yakiwa kazi ya kila siku viwandani.

Mwenye subira ndefu ni Max Born. Mwaka 1926 aliandika makala kuhusu namna chembe zinavyogongana, akasema wimbi la chembe, lile la mlinganyo wa mwanafizikia Schrödinger, hutoa uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Alipokuwa akisahihisha nakala ya mwisho ya makala hiyo aliongeza tanbihi: uwezekano haulingani na wimbi lenyewe, hulingana na mraba wake. Sijui tanbihi nyingine yoyote iliyobeba uzito wa namna hiyo. Nobeli yake ilifika mwaka 1954, miaka 28 baadaye. Hata hivyo Ernst Ruska anamzidi: aliunda hadubini ya elektroni Berlin mwaka 1931 pamoja na Max Knoll, akaitwa Stockholm mwaka 1986.

Ajali iliyozaa kuliko zote

Februari 1925, katika maabara ya kampuni ya simu jijini New York, chupa ya hewa iliyogandishwa kuwa kimiminika ilipasuka. Clinton Davisson na Lester Germer walikuwa wakipiga elektroni kwenye kipande cha nikeli ndani ya ombwe. Hewa iliingia, nikeli ikashika kutu. Ili kuisafisha waliichoma kwa muda mrefu, na joto lile likafanya kitu ambacho hawakukikusudia: punje nyingi ndogo za nikeli ziliungana kuwa fuwele chache kubwa. Walipoendelea na kazi, elektroni zilianza kurudi kwa namna nyingine kabisa, nyingi upande mmoja na chache upande mwingine.

Hawakujua wameshika nini. Kiangazi cha 1926 Davisson alikwenda Uingereza na mkewe kupumzika, akahudhuria mkutano wa wanasayansi Oxford, na pale akamsikia Born akiyataja matokeo yake yeye Davisson kama ushahidi wa mawimbi ya de Broglie. Fikiria umekaa kwenye kiti chako, mgeni anaeleza jukwaani maana ya kazi uliyoiacha nyumbani bila kuielewa. Alirudi New York akajua pa kutazama. Mwaka 1927 matokeo yakawa wazi: elektroni zilizosukumwa kwa volti 54 zilirudi kwa wingi kwenye pembe ya nyuzi 50. Vipimo vya fuwele vilitoa urefu wa wimbi wa nanometa 0.165. Mgawanyo wa de Broglie ulitoa 0.167.

Mwaka huohuo, Aberdeen huko Uskoti, George Paget Thomson na mwanafunzi wake Alexander Reid walipitisha elektroni kwenye utando mwembamba wa seluloidi wakapata duara ndani ya duara. Reid alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 1928 akiwa kijana. Thomson aligawana Nobeli ya 1937 na Davisson. Baba yake, J. J. Thomson, alikuwa ametunukiwa mwaka 1906 kwa kazi iliyoitambulisha elektroni kama chembe. Baba chembe, mwana wimbi, na wote wawili wana haki: hiyo ni rekodi ya familia ambayo sitarajii ivunjwe.

Jaribio zuri kuliko yote

Mwaka 2002 wasomaji wa jarida la Physics World walilitaja jaribio la kupitisha elektroni kwenye nyufa mbili kuwa zuri kuliko majaribio yote ya fizikia. Claus Jönsson alilifanya Tübingen, Ujerumani, mwaka 1961. Uzuri wake wa kweli, kwa maoni yangu, ulikuja baadaye, Bologna katika miaka ya 1970 na kisha kwenye maabara ya Hitachi nchini Japani mwaka 1989, ambako Akira Tonomura na wenzake walipunguza elektroni mpaka zikawa zinapita moja moja.

Watu wengi huchora elektroni ikipanda na kushuka njiani, mlima na bonde, mithili ya uzi unaotikiswa. Filamu ya Tonomura inaifuta picha hiyo. Kila elektroni inatua kama nukta moja, mahali pamoja, kamili. Nukta kumi hazina maana. Mia moja nazo zimetapakaa ovyo. Maelfu yanapojaa, michirizi inatokea: mstari uliojaa nukta, mstari usio na nukta, tena uliojaa. Hakuna elektroni mbili zilizokutana njiani zikapangana. Kila moja ilikuja peke yake, na bado ilijua kuepuka mistari mitupu. Kinachopita kwenye njia zote mbili ni wimbi la uwezekano, lile la tanbihi ya Born. Pale sehemu zake mbili zinapokutana kilele kwa kilele, nafasi ya kuikuta elektroni inaongezeka. Pale kilele kinapokutana na bonde, nafasi inafutika.

Ukilazimisha kujua elektroni imepita ufa gani, michirizi inatoweka. Na umbali kati ya mchirizi na mchirizi unategemea urefu wa wimbi, kwa hiyo unategemea momenta. Pima mistari kwa rula, utakuwa umepima momenta ya kitu ambacho hujawahi kukigusa.

Si elektroni peke yake zilizoonyesha wimbi. Otto Stern na Immanuel Estermann walionyesha mawimbi ya atomu za heliamu Hamburg mwaka 1930. Nyutroni nazo zilifuata, hata mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner wakaitumia michirizi yake kuonyesha jinsi uvutano wa dunia unavyolisogeza wimbi. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya positroni, ambazo ni maada kinyume.

Kizito kuliko vyote

Hapa ndipo Vienna inapotawala. Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt lilichukua molekuli za kaboni zenye atomu 60, zenye umbo la mpira wa miguu, likazipika kwenye tanuri na kuzirusha kwenye wavu wenye nafasi za nanometa 100. Wimbi la kila molekuli lilikuwa na urefu wa pikometa 2.5 hivi, yaani molekuli yenyewe ilikuwa kubwa mara mia kadhaa kuliko wimbi lake. Michirizi ikatokea.

Kuanzia hapo ni ngazi baada ya ngazi. Uzito wa molekuli hupimwa kwa kipimo ambacho atomu ya hidrojeni ni kama 1. Mpira wa kaboni ni 720. Mwaka 2011 walifika karibu 6,900. Mwaka 2013 walivuka 10,000. Mwaka 2019, ile Septemba ya Kipchoge, walivuka 25,000, na wimbi lilikuwa limefupika hadi femtometa 53 (femtometa ni sehemu moja ya elfu ya pikometa). Mwaka 2025 walieleza kazi ya vijipande vya sodiamu vyenye atomu zaidi ya 7,000, uzito zaidi ya 170,000 na upana wa nanometa 8 hivi. Wimbi la kila kijipande lina urefu kati ya femtometa 10 na 22. Kitu kimekizidi kivuli chake mara laki kadhaa, na bado kivuli ndicho kinachoamua kitatua wapi.

Ugumu umo kwenye momenta. Kadiri kitu kinavyokuwa kizito, momenta inakua, wimbi linafupika, na nyufa zinatakiwa zikaribiane kupita uwezo wa fundi yeyote wa kuchonga. Wavu wa chuma au wa silikoni pia huvuta molekuli kubwa kando inapopita. Wao wakatumia mwanga: leza inayorudishwa na kioo hujipanga kuwa matabaka yaliyotulia, na matabaka hayo ndiyo wavu. Maada imekuwa wimbi, mwanga umekuwa kizuizi. Zamani kazi hizo ziligawanywa kinyume.

Ugumu wa pili ni joto. Mwaka 2004 kundi hilohilo lilizipasha molekuli za kaboni kwa leza kabla hazijaingia kwenye chombo, likaongeza joto polepole. Michirizi ilififia polepole vilevile. Molekuli yenye joto hutoa mwanga, na mwanga huo hutangaza mahali ilipo. Si lazima awepo mtu wa kuutazama. Ikishatoa taarifa tu, wimbi limeharibika. Nalipenda jaribio hili kuliko rekodi zote za uzito, kwa sababu linajibu swali la mtu wa kawaida: kwa nini kiti changu hakipiti milango miwili kwa wakati mmoja? Kiti kinagongwa na hewa, kinang'aa kwa joto, kinajisema muda wote.

Zürich wana pingamizi kuhusu taji la uzito. Mwaka 2023 kundi la Yiwen Chu lilichapisha kazi ya kipande cha fuwele ya yakuti chenye maikrogramu 16, ambacho walikifanya kitetemeke kwa namna mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Maikrogramu 16 ni atomu bilioni milioni mia kadhaa, uzito ambao Vienna hawaukaribii hata kidogo. Lakini umbali kati ya mitetemo hiyo miwili ni mdogo kuliko kiini cha atomu, ilhali vijipande vya Vienna hutandaa mbali kuliko upana wake wenyewe. Ukiniuliza mimi, ni mashindano mawili tofauti, mmoja ananyanyua vyuma na mwingine anaruka juu, na medali zote mbili zitolewe.

Baridi kuliko popote

Wanaotaka wimbi refu hupunguza momenta, na kwa atomu hiyo maana yake ni kupooza. Atomu ya rubidiamu kwenye joto la chumba hukimbia karibu meta 290 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa pikometa 16 hivi. Tarehe 5 Juni 1995, Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman waliziteremsha atomu kama 2,000 hadi nanokelvini 170 juu ya sifuri halisi. Mawimbi yao yalirefuka hadi yakapandiana, na atomu zote zikawa wimbi moja. Picha maarufu ya tukio hilo, ile ya kilele chembamba kinachochomoza, wengi hudhani ni picha ya umbo la wingu la atomu. Ni picha ya kasi zake: kile kilele ni atomu zilizokuwa zimekaribia kusimama.

Rekodi ya baridi ninayoiweka juu iliwekwa Bremen, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2021. Kuna mnara pale wenye kimo cha meta 146, na ndani yake bomba ambamo chombo huachiwa kianguke huru kwa meta 110, sekunde 4.7 hivi. Kinapoanguka, atomu zilizomo zinaelea bila uzito. Watafiti walilipiga wingu la rubidiamu teke la sumaku kwa wakati uliopimwa vizuri, kama lenzi inavyofanya kwa miale ya mwanga, ili atomu zilizokuwa zikitawanyika zipoteze ile kasi ya kutawanyika. Zilizobaki zilikuwa na joto la pikokelvini 38, yaani sehemu 38 za trilioni za digrii moja juu ya sifuri halisi. Kwa baridi hiyo atomu husogea maikrometa 60 hivi kwa sekunde, na wimbi la atomu moja lina urefu wa makumi ya maikrometa, karibu unene wa unywele. Umbali kutoka pikometa 16 hadi hapo ni zaidi ya mara milioni, na kilichobadilika ni kasi tu.

Stanford, mwaka 2015, walifanya jambo ambalo kwangu linatisha zaidi. Ndani ya bomba la meta 10 walirusha atomu za rubidiamu juu, wakazipiga kwa leza ili nusu ya wimbi la kila atomu ipokee momenta ya fotoni 90 zaidi ya nusu nyingine. Nusu hizo zilitengana kwa sentimeta 54, kisha zikarudishwa zikakutana, na michirizi ikawepo. Atomu moja, nusu meta. Berkeley nao, wakitumia atomu za sesiamu zilizoshikiliwa na mwanga zisianguke, wameuweka utengano (mdogo zaidi) ukiwa hai kwa sekunde 70, kazi iliyochapishwa mwaka 2024.

Fupi kuliko yote

Upande wa pili wa kamba kuna mashine za kuongeza momenta. Sababu ni ya kiutendaji: wimbi halioni vizuri kitu kidogo sana kuliko urefu wake. Hadubini ya kawaida ya mwanga huishia kwenye maikrometa 0.2 au karibu yake. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 300,000 ina wimbi la pikometa 2, dogo kuliko atomu mara mia hivi, na kwa miaka mingi kilichozuia kuona vizuri kilikuwa lenzi mbovu. Mwaka 2021 kundi la David Muller, Chuo Kikuu cha Cornell, lilitoa picha za atomu ambazo ukungu wake uliobaki unatokana hasa na atomu zenyewe kutikisika kwa joto.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Stanford, elektroni zilizokimbizwa kwenye mashine ya kilometa 3 zilifikia wimbi fupi kuliko protoni, zikaingia ndani yake na kukuta kumejaa vitu vidogo vigumu: kwaki. Leo protoni za maabara ya CERN, zikiwa na nishati ya TeV 6.8 (elektronivolti trilioni 6.8) kila moja, zina wimbi la meta sifuri nukta, sifuri 18, kisha 18. Hesabu hiyo ni ya protoni nzima. Kwaki zilizomo hugawana momenta, kwa hiyo mgongano halisi ni wa mawimbi marefu kidogo.

Maumbile yamewashinda kwa mbali. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1991, juu ya jangwa la Utah, darubini ya Fly's Eye ilinasa mmweko wa chembe moja kutoka angani yenye nishati ya jouli 51, kiasi kinachotosha kunyanyua kilo 5 hadi kimo cha meta moja. Chembe moja. Wimbi lake ni sifuri nukta, sifuri 26, kisha 39. Hata hivyo bado ni refu mara zaidi ya bilioni kuliko la Kipchoge, kwa sababu momenta ya mkimbiaji ni 306 na ya chembe ile haifiki hata sehemu moja ya milioni. Sharti langu ndilo linalomwondoa bingwa wetu: wimbi lake limepita kwa udogo hata urefu wa Planck, ambao chini yake fizikia ya sasa haina la kusema, na hakuna mtu anayejua chombo cha kulionyesha.

Kinachotawanyika haraka kuliko vyote

Werner Heisenberg alikuwa na miaka 25 alipoeleza, mwaka 1927, kwamba mahali na momenta ya chembe havijulikani vyote kwa usahihi wowote utakao. Mfano aliotumia ulikuwa hadubini. Kichekesho ni kwamba mwaka 1923, kwenye mtihani wake wa udaktari Munich, Wilhelm Wien alimwuliza jinsi hadubini inavyotenganisha vitu viwili vilivyo karibu, akashindwa, na ni msimamizi wake, Sommerfeld, aliyemwokoa asianguke. Hata mwaka 1927 Niels Bohr alimkuta na kosa kwenye hadubini hiyohiyo.

Kanuni yenyewe inatokana na wimbi. Wimbi lenye momenta moja kamili lazima liwe refu bila mwisho, na halina mahali. Ukitaka kulifupisha liwe mahali fulani, unachanganya mawimbi ya urefu mbalimbali, yaani momenta mbalimbali. Vienna walilionyesha hilo mwaka 2002 kwa molekuli za kaboni: walipoubana ufa hadi nanometa 70, mkondo wa molekuli ulitoka ukiwa mpana zaidi.

Hapa navunja sharti langu kwa hesabu mbili, kwa kuwa zinastahili. Elektroni iliyobanwa kwenye nafasi ya atomu moja kisha ikaachiwa inaweza, baada ya sekunde moja, kukutwa popote katika eneo la kilometa 580, mbali kuliko barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Punje ya mchanga ya miligramu moja, tukijua ilipo kwa usahihi wa maikrometa moja, itachukua miaka milioni 600 kutanuka maikrometa nyingine.

Na kwa wapenda kasi: mlima na bonde la wimbi la de Broglie husogea kwa kasi ya mwanga mraba, ugawanye kwa kasi ya kitu. Kwa Kipchoge ni mara milioni 51 ya kasi ya mwanga. Hakuna ujumbe unaoweza kubebwa hivyo. Kifurushi cha wimbi, chenye mtu ndani, kilikwenda meta 5.88 kwa sekunde kama saa zilivyosema.

Teke dogo lililopimwa

Mwanga nao una momenta, na Pyotr Lebedev aliupima msukumo wake Moscow mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 2010 Japani ilirusha IKAROS, tanga la angani la kwanza kusafiri kati ya sayari kwa kusukumwa na jua. Tanga hilo lilikuwa na karibu meta za mraba 200, na jua likalisukuma kwa milinyutoni 1.12, nguvu ndogo kuliko uzito wa sehemu moja ya tano ya gramu.

Lakini rekodi ninayoipa nafasi ya juu ni ya vioo vya LIGO, chombo cha Marekani cha kunasa mawimbi ya uvutano. Kila kimoja kina kilo 40 na kinaning'inia mwishoni mwa mkono wa kilometa 4, kikingoja mtikisiko wa mashimo meusi yanayogongana mbali huko. Fotoni za leza hukipiga bila mpangilio, moja zaidi hapa, moja pungufu pale, kwa sababu ya kwanta. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kipimo cha matokeo yake: kioo kizima husogea meta sifuri nukta, sifuri 19, kisha 1. Ni mara bilioni kumi chini ya upana wa atomu. Teke hilo lilikuwa kelele inayoziba sauti za anga, kwa hiyo mwaka 2023 waliongeza bomba la meta 300 la kuupanga mwanga upya, ili kutokuwa na uhakika kuhamishwe kutoka kwenye nguvu ya mwanga kwa mitetemo ya chini, na kutoka kwenye wakati wake kwa mitetemo ya juu. Tangu hapo chombo kinasikia mbali zaidi kuliko mwanga wa kawaida ulivyoruhusu.